Uelewa wa Wauguzi wa Hospitali Kuhusu Huduma ya Kisukari: Bukoba na Muleba



Mada niliyopewa inauliza swali moja: muuguzi wa hospitali katika Bukoba na Muleba anaelewa kwa kiasi gani namna ya kumhudumia mgonjwa wa kisukari? Jibu langu nalitoa mapema ili tupate muda wa kulijadili. Wengi wetu tunaujua ugonjwa kuliko tunavyoijua huduma yake. Kiu, mkojo wa mara kwa mara, kukonda na uchovu tunavitaja bila kusita. Tunakwama kwenye muda wa sindano, kwenye sukari inayoshuka usiku, na kwenye mguu ambao hakuna aliyeuvua kiatu. Wahenga walisema ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo, na mada hii inahusu vitendo.

Ukubwa wa tatizo

Kisukari si kigeni upande huu wa nchi. Mwaka 1984 watafiti Ahrén na Corrigan walichapisha katika jarida la Diabetologia utafiti juu ya kuenea kwake kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Mwaka 1989 McLarty na wenzake wakaandika katika jarida la Lancet kwamba katika vijiji sita vya Tanzania walivyopima, wenye kisukari hawakufikia mtu mmoja kwa kila watu wazima mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Njia za upimaji zilitofautiana, kwa hiyo hatuwezi kutoa namba moja kwenye nyingine tukasema ndilo ongezeko kamili. Mwelekeo, hata hivyo, hauna ubishi.

Mkoa wa Kagera ulikuwa na watu karibu milioni 3 katika sensa ya mwaka 2022. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika hawajijui. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa kisukari anayelazwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Bukoba, au Rubya, Ndolage na Kagondo kwa upande wa Muleba, mara nyingi anaingia kwa mlango mwingine: kidonda kisichopona, jipu, kifua kikuu, uzazi wenye mtoto mkubwa kupita kiasi, kiharusi. Wa kwanza kukaa naye karibu ni muuguzi. Daktari hupita asubuhi akaenda zake, lakini muuguzi yupo saa ishirini na nne kwa zamu. Ndiyo maana kaulimbiu ya Siku ya Kisukari Duniani ya mwaka 2020 iliwekwa juu ya muuguzi.

Nini maana ya kuelewa

Tafiti nyingi hupima uelewa wa wauguzi kwa karatasi ya maswali ya kuchagua. Karatasi ina kazi yake, lakini ina udhaifu wake pia. Mwaka 1989 Drass na wenzake, katika jarida la Diabetes Care, walilinganisha jinsi wauguzi wa Marekani walivyojiona wanajua na alama walizopata kweli walipojaribiwa. Viwili hivyo havikwenda pamoja. Muuguzi anayejiamini si lazima awe ndiye anayejua, na anayejiona anajua haombi kufundishwa.

Kwa hiyo napendekeza tuuangalie uelewa kwa ngazi tatu. Ya kwanza ni kujua jambo, ya pili ni kuweza kulifanya mbele ya kitanda, na ya tatu ni kuweza kumfundisha mgonjwa na ndugu yake wakalifanya wenyewe nyumbani. Hospitali zetu zinafanya vizuri ngazi ya kwanza, zinachechemea ya pili, na ya tatu zinaiachia bahati. Sitataja hospitali wala wodi, kwa sababu kasoro nitakazozieleza zinaweza kutokea popote. Kila mmoja ajipime mwenyewe katika maeneo matano yafuatayo.

Eneo la kwanza: insulini na sahani ya chakula

Insulini tunayotumia ina yuniti 100 katika kila mililita. Yuniti 10 ni mililita 0.1 tu. Pale bomba maalumu la insulini linapokosekana na muuguzi akachukua bomba la kawaida la mililita 2, kosa la nukta moja linampa mgonjwa dozi mara kumi. Hili si suala la akili nyingi. Ni suala la kuwa na utaratibu kwamba insulini haivutwi kwa bomba la kawaida, na kwamba wauguzi wawili huihakiki dozi kabla haijachomwa.

Kosa linalojificha zaidi ni la muda. Insulini ya haraka, ile ya maji maangavu, na ile ya mchanganyiko yenye rangi ya maziwa, huchomwa takriban nusu saa kabla ya kula. Sasa tuangalie wodi zetu zilivyo. Zamu ya usiku inataka kukabidhi wodi ikiwa imekamilika, hivyo insulini ya asubuhi inachomwa saa kumi na mbili. Chakula kinaletwa na ndugu, na ndugu anaruhusiwa kuingia lango linapofunguliwa. Akichelewa usafiri kutoka Kemondo au Kamachumu, mgonjwa anakaa na insulini mwilini na tumbo tupu. Kwenye chati kila kitu kimefanyika sawasawa: dozi sahihi, njia sahihi, sahihi ya muuguzi ipo. Mgonjwa anatetemeka.

Hapa ndipo uelewa unapoonekana. Muuguzi anayeelewa huuliza kwanza, "Mama, chai yako ipo?" ndipo anachoma. Anajua pia kwamba insulini ya mchanganyiko huviringishwa taratibu kati ya viganja wala haitikiswi kwa nguvu. Anabadilisha mahali pa kuchoma, kwa sababu sehemu moja ikidungwa kila siku hufanya uvimbe wa mafuta na dawa haifyonzwi vizuri.

Eneo la pili: sukari inaposhuka usiku

Sukari kupanda mara nyingi huua polepole. Sukari kushuka inaweza kuua kabla ya zamu kuisha. Kiwango cha chini ya milimoli 3.9 kwa lita kinadai hatua, na chini ya 3.0 ni hatari kubwa. Mgonjwa anayeweza kumeza apewe gramu 15 za sukari ya haraka, yaani takriban vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda yenye sukari. Baada ya dakika 15 apimwe tena, na kama bado iko chini arudiwe. Ikishapanda, ale chakula kamili ili isishuke tena. Aliyepoteza fahamu asiwekewe kitu chochote mdomoni. Anahitaji glukosi ya mshipani mara moja.

Yapo mambo mawili ambayo wengi huyasahau. La kwanza ni kwamba kama glukomita, yaani kipimo cha sukari, haina vijiti na dalili zipo, mgonjwa atibiwe kama aliyeshukiwa na sukari. Glukosi ya ziada kwa muda mfupi haina madhara ya kulingana na ubongo uliokosa sukari. La pili linahusu vidonge vya aina ya glibenklamaidi. Mgonjwa aliyeshukiwa na sukari kwa vidonge hivyo, hasa mzee au mwenye figo dhaifu, anaweza kuzinduka, akazungumza, akaruhusiwa, kisha sukari ikashuka tena baada ya saa kadhaa akiwa nyumbani. Huyo anahitaji kuangaliwa kwa siku nzima.

Kwa Kagera niongeze jambo moja. Mtu aliyekunywa rubisi au gongo bila kula, huku yuko kwenye insulini au vidonge hivyo, anashukiwa na sukari kwa urahisi, kwa sababu pombe huzuia ini kutoa sukari yake. Anapepesuka, anaongea ovyo, ananuka pombe. Wengine husema, "Huyu amelewa, mwacheni alale." Asubuhi haamki. Kila aliyeletwa na harufu ya pombe na fahamu zilizopungua apimwe sukari kabla ya kupewa jina la mlevi.

Eneo la tatu: mtoto, malaria na kisukari aina ya kwanza

Muleba inajulikana duniani kwa malaria. Jaribio la vyandarua vyenye dawa iliyoongezewa PBO, ambalo matokeo yake yalitoka katika Lancet mwaka 2018, lilifanyika hapa. Kwa hiyo mtoto anapoletwa anatapika, anapumua haraka na fahamu zinapungua, akili ya kila mtu inakimbilia malaria kali. Ni haki yake kukimbilia huko, lakini isikimbilie huko peke yake.

Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza ambaye hajagunduliwa huja na sura hiyohiyo: kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kina na kwa haraka, ulimi mkavu, kusinzia. Mama akiulizwa atasema mtoto ameanza tena kukojoa kitandani na anakunywa maji usiku kucha. Tone moja la damu kwenye glukomita linaamua mambo. Katika malaria kali sukari inaweza kuwa chini mno, na katika kisukari inakuwa juu mno, na vyote viwili vinahitaji hatua papo hapo. Kanuni yetu iwe hivi: mtoto yeyote mwenye fahamu zilizopungua apimwe malaria na sukari kwa wakati mmoja, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha mistari miwili.

Wa aina ya kwanza, awe mtoto au mtu mzima, haachishwi insulini kabisa. Kosa linalojirudia ni muuguzi kupima asubuhi, kukuta sukari 6, kisha kuandika "insulini haikutolewa, sukari nzuri." Sukari ile ni nzuri kwa sababu ya insulini ya jana. Ikikatwa, mwili unaanza kuunguza mafuta, asidi inajaa kwenye damu, na kesho yake mgonjwa yuko hoi. Dozi inaweza kupunguzwa kwa ushauri wa daktari, lakini haifutwi kwa uamuzi wa muuguzi wa zamu.

Eneo la nne: miguu

Kisukari huua hisia za miguu na kuziba mishipa ya damu. Mkulima wa Bukoba anaingia kwenye shamba la migomba kwa kandambili, au peku, na panga mkononi. Mvuvi wa Bumbire au Goziba anakanyaga maji, mawe na mifupa ya samaki. Wote wawili wanaweza kukatwa wasijue, hadi harufu iwaambie. Wengine huungua kwa kukanda miguu kwa maji ya moto, kwa kuwa hawalisikii joto. Wengine hutolewa funza kwa sindano isiyo safi.

Kuanzia mwaka 2004 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za mpango wa hatua kwa hatua wa kuokoa mguu wa kisukari, ambao hapa nchini ulisimamiwa na Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam. Mpango ule ulifundisha daktari na muuguzi wa kituo kimoja kwa pamoja, wakarudi kama timu. Kulikuwa na hekima katika hilo. Muuguzi akifundishwa peke yake hurudi akakuta daktari haagizi, na daktari akifundishwa peke yake hurudi akakuta hakuna wa kutekeleza.

Uchunguzi wa mguu hauhitaji mashine. Mgonjwa anavua viatu na soksi kabla hajafika kwa daktari. Muuguzi anatazama kati ya vidole, chini ya kisigino, kucha na rangi ya ngozi, anagusa mapigo ya damu, na anapima hisia kwa uzi maalumu wa gramu 10 au kwa kugusa vidole kwa ncha ya kidole chake. Ni dakika tatu. Kliniki ambayo wagonjwa wanatoka wakiwa na viatu vyao miguuni tangu walipoingia haijafanya kazi ya kisukari siku hiyo.

Eneo la tano: elimu kwa mgonjwa

Ushauri wa chakula tunaoutoa mara nyingi ni orodha ya makatazo: usile ndizi, usile wali, usile viazi. Mwambie Mhaya asile ndizi, umemfukuza mezani kwake. Ataitikia kwa heshima, atarudi nyumbani atakula ndizi kama kawaida, na mwezi ujao hatasema kweli. Ndizi za kupika ni wanga, na wanga hupimwa kwa kiasi. Robo ya sahani iwe ndizi, robo iwe maharage, dagaa au sato, na nusu iwe mboga za majani. Juisi tamu ya ndizi ni sukari ya kunywa, na hiyo ndiyo ya kukatazwa. Elimu hiyo itolewe kwa Kihaya pale mzee asipoelewa Kiswahili vizuri, na apewe pia binti au mkwe anayepika, kwa sababu sufuria iko mikononi mwake.

Kuhusu kutunza insulini, wagonjwa wengi huambiwa waweke kwenye friji, na wengi hawana friji. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 bila kuganda. Iliyofunguliwa inaweza kukaa takriban wiki nne mahali pa baridi nyumbani pasipo jua, na hali ya hewa ya Bukoba inaruhusu hilo. Kwa wenzetu wa visiwani na kwenye nyumba za bati zenye joto, chungu kidogo kilichowekwa ndani ya kingine chenye mchanga wenye majimaji husaidia. Muuguzi anayesema "weka kwenye friji" bila kuuliza kama friji ipo hajafundisha kitu.

Kwa nini hali iko hivi

Sababu ya kwanza ni mafunzo. Kwa miaka mingi semina za kazini zimefuata fedha za miradi: virusi vya ukimwi, malaria, afya ya mama na mtoto. Kisukari kimepata makombo. Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza ulizinduliwa mwaka 2019, lakini safari yake kutoka Dodoma hadi kitandani mwa mgonjwa bado ni ndefu.

Sababu ya pili ni uhamisho wa ndani. Muuguzi anapelekwa kufundishwa, anarudi, baada ya muda mfupi anapangiwa wodi ya wazazi au chumba cha upasuaji. Ujuzi unaondoka naye.

Ya tatu ni vifaa. Kila aina ya glukomita ina vijiti vyake. Mfadhili mmoja analeta aina hii, mwingine analeta ile, vijiti vinakwisha, na glukomita inalala kwenye droo. Muuguzi asiyepima kwa miezi husahau.

Ya nne ni sisi wenyewe. Tumezoea kufikiri kwamba kisukari ni ugonjwa wa daktari na wa kliniki ya siku moja kwa wiki.

Uzoefu tulio nao tayari

Ndugu washiriki, hakuna mkoa nchini wenye sababu ndogo ya kushindwa katika hili kuliko Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi Tanzania walitambuliwa hapa mwaka 1983. Tulizika sana. Kisha dawa zilipofika, wauguzi wa mkoa huu walijifunza kazi ambayo hapo awali haikuwepo: kumtunza mtu kwa miaka, kumpa tarehe ya kurudi, kuhesabu vidonge vyake, kumfuatilia nyumbani asipokuja, kumshauri bila kumhukumu. Kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye virusi vya ukimwi ni shule ya ugonjwa sugu. Kisukari kinadai stadi hizohizo.

Isitoshe, wagonjwa ni walewale. Anayetumia dolutegravir kwa virusi vya ukimwi na metformini kwa kisukari anahitaji kuangaliwa, kwa sababu dolutegravir huongeza kiwango cha metformini mwilini, na kwa kawaida dozi haizidishwi miligramu 1000 kwa siku. Mwenye kisukari ana hatari mara mbili hadi tatu zaidi ya kupata kifua kikuu. Muuguzi wa kliniki za ukimwi na kifua kikuu akijua kisukari, anapambana na magonjwa matatu kwa kazi moja.

Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Bukoba Vijijini, wahudumu walijifunza kuvaa na kuvua mavazi ya kinga kwa siku chache, na Juni ulitangazwa kwisha. Mafunzo yale yalikuwa ya vitendo na yalisimamiwa, na kila mtu aliona umuhimu wake. Uwezo wa kujifunza upo.

Mapendekezo

1. Kila wodi iwe na kisanduku cha sukari kushuka: sukari, soda, glukosi ya mshipani, kanula, mabomba, glukomita yenye vijiti, na karatasi ya hatua iliyoandikwa kwa Kiswahili. Kikaguliwe kila zamu kama vinavyokaguliwa vifaa vya dharura vya uzazi.

2. Insulini ichomwe chakula kikiwa kimeonekana kwa macho. Ndugu wa wagonjwa wa insulini wapewe kibali cha kuingia mapema asubuhi.

3. Muuguzi mfawidhi apime uelewa kwa vitendo mara mbili kwa mwaka: kuvuta dozi, kushughulikia sukari iliyoshuka, kuchunguza mguu, kumfundisha mgonjwa. Matokeo yaingizwe katika mafunzo endelevu yanayohesabiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga wakati wa kuhuisha leseni.

4. Daktari na muuguzi wafundishwe pamoja, na muuguzi aliyefundishwa asihamishwe kliniki kwa muda usiopungua miaka miwili, wala asiondoke kabla hajamfundisha mrithi wake.

5. Halmashauri zikubaliane aina moja ya glukomita kwa vituo vyake vyote, ili vijiti viagizwe kwa pamoja na viweze kuazimana kati ya Bukoba, Muleba na visiwani.

6. Wanafunzi wa uuguzi wa Rubya na Ndolage wapangiwe muda katika kliniki ya kisukari na wapimwe hapo kabla ya kuhitimu.

7. Kliniki za kisukari ziazime daftari la miadi na utaratibu wa ufuatiliaji kutoka kliniki za tiba na matunzo. Mgonjwa asiyefika atafutwe.

Hitimisho

Pendekezo la kwanza, la pili na la saba hayahitaji mfadhili wala bajeti mpya. Yanaweza kuanza wiki hii kwa amri ya muuguzi mfawidhi. Naziomba timu za uendeshaji wa huduma za afya za mkoa na halmashauri zibebe hayo mengine. Ninyi wauguzi wenzangu, mnaporudi kazini kesho, ombi langu ni moja: kabla hamjachoma insulini, ulizeni chakula kiko wapi, na kabla mgonjwa hajaondoka kliniki, mvueni viatu.